Mtamba wa Mjane wa Uingereza

Tulimzika Asistan Paluku mwezi uliopita, kwao Butembo, siku ya mvua nyepesi iliyoshindwa kuamua kama inyeshe au iache. Nilifika nimechelewa, viatu vimejaa tope, nikaketi mkekani pamoja na wanawake wa ukoo wake nisiowajua. Mmoja wao, mama mnene mwenye kitambaa cheusi kichwani, alinisogezea kikombe cha chai akaniuliza kwa upole, "Na weye dada, ulikuwa nani yake?" Nikamjibu kwamba nilikuwa mwanafunzi wake. "Alikufundishaka nini?" Nikasema: sinema ya Waingereza. Mama yule alinitazama, akaitazama picha ya marehemu iliyoegemezwa ukutani, akanitazama tena. "Ya Waingereza?" "Njo, Mama. Ya Waingereza." Alijitahidi kujizuia, maskini, lakini kicheko kilimtoka puani, na kicheko cha msibani hakina dawa. Muda si muda mkeka mzima ulikuwa unatikisika, nami nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, nikijua kwamba yeye, popote alipo, anafuta miwani yake na kusubiri tutulie ili aendelee na somo.

Tangu siku hiyo mwaka ule aliponifundisha umerudi kukaa nami nyumbani. Unakuja asubuhi, nikiwa bado kitandani, kabla sijajua niko mji gani. Habari za ukoo wangu nitaziacha, kwa sababu mwaka ule sikuwa na ukoo: baba na mama walikuwa kwetu, mji wa Walikale, upande wa pili wa barabara iliyofungwa na vita, nami niliamini wako hai kwa kuwa hakuna aliyeniambia kwamba wamekufa. Nilikuwa mwanafunzi wa mawasiliano katika taasisi ndogo mjini Goma, yenye vyumba vinne na mkurugenzi aliyependa mihuri. Programu yetu ya masomo iliandikwa mbali, na mtu ambaye sidhani kama aliwahi kukanyaga Kivu, na ndani yake kulikuwa na somo lililoitwa Sinema ya Uingereza ya Siku Hizi, saa thelathini. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwetu programu haijadiliwi, inamalizwa. Walinituma Muheto, huko juu Masisi, kufanya mazoezi katika redio ya kijiji, mapigano yakakata njia nyuma yangu, na Asistan Paluku, mwalimu msaidizi wa somo hilo, akapanda lori la mjomba wake akanifuata huko huko ili saa zangu thelathini zisipotee. Alileta kwapani katoni ya diski zilizotolewa zawadi na wafadhili, na shati la kubadilisha moja. Alipanga kukaa wiki mbili. Njia ikafungwa nyuma yake pia, akakaa karibu mwaka.

Mjomba wake, Papa Muhindo, alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka, lori na jenereta, na mimi nililala nyumbani kwake, chumba kimoja na binti zake. Darasa letu lilikuwa stoo nyuma ya duka. Nikifumba macho bado nasikia harufu yake: sabuni za miche, chumvi, maharagwe mapya kwenye magunia, na mafuta ya mawese ambayo yalinikumbusha kwetu. Runinga ilikaa juu ya katoni za biskuti. Dirisha lilikuwa moja, dogo, lisilo na kioo, na asubuhi ukungu uliingia humo bila kubisha hodi, ukakaa kati yetu na skrini. Kwa kuwa mimi nilikuwa msichana na Asistan mwanamume asiye na mke, Mama Muhindo aliona si vizuri tujifungie stoo na Waingereza. Basi akahamishia humo kazi zake zote. Alichambua maharagwe, akakata mboga za lengalenga, akashona vifungo vya mashati ya mumewe, na hivyo akasoma somo lote la sinema ya Uingereza tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kulipa ada wala kukosa hata kipindi kimoja.

Sijui kama naweza kueleza ilivyokuwa kutazama filamu zile mahali pale. Mvua ilipoanguka kwenye mabati hatukusikia neno, na Waingereza wakawa mabubu wanaofungua na kufunga midomo yao mbele ya masufuria. Huko kwao pia kulikuwa na mvua. Vilima vyao vilikuwa vya kijani kama vya Masisi, vyenye ng'ombe na uzio na ukungu ule ule, hata mara nyingine niligeuka kutoka kwenye skrini nikatazama dirishani, kisha nikarudi, na kwa dakika nzima sikujua ni upande upi wenye vita. Nilikuwa nasinzia, naamka, nakuta mwanamke amesimama jikoni anaangalia nje. Nasinzia tena, naamka, bado amesimama. Nilikuwa nimezoea filamu za watu wanaoruka na kupigana mateke, na wiki za kwanza nilidhani diski zetu ni mbovu. Asistan alikuwa mtu mwembamba mwenye tai ya kahawia aliyoivaa hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuiona. Kiingereza alikijua tangu utotoni, kwa kufuatana na baba yake Kampala kununua bidhaa. Alisimamisha picha, akaweka kidole kwenye kioo cha runinga, akasema, "Angalia mikono, Mapendo. Uso utakudanganya. Mwingereza akitaka kulia, anaoshaka kikombe." Mama Muhindo aliinua macho kutoka kwenye maharagwe yake. "Basi huyu analia mingi," akasema. "Ashaosha bikombe tano."

Leo na mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu wana sinema ya dunia nzima kwenye simu mfukoni. Naona wanavyotazama: kidole tayari, wakichoka wanaruka mbele. Siwalaumu. Ila mimi nilijifunza kutazama kwa sababu petroli ilikuwa kidogo na diski zilikuwa chache, na kitu kile kile ukikitazama mara ya nne, kwa njaa kidogo, huku milio ya bunduki ikitoka mbali upande wa Kashuga, kinaanza kufunguka. Mchana Mama Muhindo alileta viazi na maharagwe, na jibini ya Masisi tuliyoikata kwa uzi wa cherehani, na tulikula tukibishana juu ya Waingereza kana kwamba ni majirani wa mtaa wa pili. Kwa nini yule kijana hamwambii baba yake kwamba anaondoka? Kwa nini hawakaribishi mtu chakula? Mbona mbwa analala ndani? Nilikuwa na furaha, na nasema hivyo nikijua ni mwaka gani na wapi.

Kazi yangu ya mwisho wa masomo ilipaswa kuchambua filamu moja, picha kwa picha, na nilichagua filamu ya mjane. Ni mwanamke wa makamo, wa vilima vya kaskazini ya nchi yao, anayeishi peke yake na ng'ombe wake wa maziwa. Ugonjwa umeingia katika zizi la jirani. Ng'ombe wake ni wazima, lakini sheria inasema wote wa karibu wauawe. Asubuhi moja anawakamua kwa mara ya mwisho, kisha watu wa serikali wanafika, wamevaa mavazi meupe tangu kichwani mpaka miguuni. Kwa sababu kunanyesha, anawapikia chai. Wanainywa wamesimama, wanamshukuru, wanaenda zizini. Yeye anabaki jikoni, mgongo umeelekea dirishani, na sisi tunasikia risasi, moja, halafu moja, halafu moja, na yeye anaosha vikombe vyao. Baada yake tunaona ng'ombe wamelala chini zizini, na hakuna zaidi ya hapo. Niliitazama sehemu ile ya jikoni mara nyingi mpaka nikajua kila kikombe kina ua gani.

Ila petroli ilikuwa ya Papa Muhindo, naye hakuwa mtu wa kuchoma petroli kwa ajili ya elimu. "Filme yako ionyeshwe bantu siku ya Yenga," aliniambia, maana yake Jumapili. "Banunue sabuni wakitoka. Na weye njo utasema." Kusema filamu ni kazi kwetu. Watu wa vijijini hawasomi maandishi ya chini ya skrini, wala Kiingereza hawakijui, kwa hiyo panasimama mtu kando ya runinga na kuwasemea wahusika wote kwa Kiswahili, mwanamume na mwanamke, mtoto na mzee, na anayejua kazi anaongeza chumvi pale filamu inapopooza. Asistan alinitafsiria maneno yote, nikayaandika kwenye daftari. Jumapili ile, baada ya misa na ibada, stoo ilijaa mpaka uani. Walikuwepo wafugaji wa vilima vya juu na fimbo zao na makoti mazito, akina mama wauza maziwa, na wakimbizi wa kambini waliokuja kutafuta chochote cha kusahaulisha.

Kwa dakika ishirini ilikuwa aibu tupu. Mjane alitembea, akafungua mlango, akatazama mvua. "Bapigane basi!" sauti ikatoka nyuma. Mwingine akasema, "Hii filme gani, bantu banaangalia tu dirisha?" Wawili wakasimama, halafu watano. Papa Muhindo alinisogelea akaninong'oneza, "Mapendo, bantu banaenda. Fanya kitu." Nami nikafanya. Nilipaza sauti nikasema, "Bandugu, mukae! Muangalie muzuri! Huyu mama haiko wa kuigiza. Iko muntu wa kweli, iko kwao mpaka leo, na hizi ngombe unaona njo ngombe zake za kweli." Sikuwaza. Lilinitoka tu, kama muuza samaki anavyosema wamevuliwa leo asubuhi. Watu wakakaa. Nikaona mabega yao yakiinama mbele, na nikaona, Mungu anisamehe, utamu wa kushika macho ya watu mia kwa neno moja.

Waliposikia risasi, wafugaji walivua kofia. Hakuna aliyewaambia. Mbele kabisa, ameegemea fimbo, alisimama Muzee Azaria, mtu mrefu wa buti za mpira, mjane kama yule wa kwenye skrini, ambaye mwaka ule watu wenye bunduki walikuwa wamemfikia mara mbili kuchagua ng'ombe wanaowataka. Kila mtu Muheto alijua kwamba mara zote mbili aliwapa maziwa kwanza, kwenye vibuyu safi, kwa sababu mgeni ni mgeni. Alipomwona yule mama akiwamiminia chai watu wa mavazi meupe, alitoa sauti ndogo kooni, na ndiyo sauti pekee niliyoisikia chumbani. Filamu ilipokwisha aliuliza swali moja. "Na maziwa ya asubui? Alikamua, tuliona. Aliyapeleka wapi?" Sikujua. Filamu haikuonyesha. Nimesoma mengi tangu wakati ule yaliyoandikwa na watu wenye shahada kubwa juu ya sinema ya Uingereza, na sijakutana na hata mmoja ambaye angeuliza habari ya maziwa yale.

Jumatatu asubuhi nilikuwa napiga mswaki uani nilipowaona wakishuka: Muzee Azaria na ndugu zake wawili, wamevaa nguo za kanisani, na kati yao mtamba mwekundu mwenye kamba mpya shingoni. Walisalimia kwa taratibu, wakauliza afya ya nyumba, wakauliza afya ya duka. Kisha mzee akanigeukia. "Mutoto wangu," alisema, "kwetu muntu akipotewa na ngombe, hatumupatiake pole ya mudomo. Bandugu banamupatia ngombe, aanze tena. Tunaitaka gushumbusha. Ile mama iko mbali, njia imefungwa, na hatukuona muntu hata mumoja alimuletea. Mulango yake yote tuliangalia. Hakuna aliyeingia na kamba mu mukono." Alimpapasa mtamba shingoni. "Weye njo ulisemaka kwa kinywa yake. Utamupokelea."

Nilifungua mdomo niseme ukweli, na povu la dawa ya meno likanidondoka kidevuni. Mama Muhindo alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinifinya kiunoni kwa nguvu. "Sema aksanti," alisema bila kusogeza midomo. "Ngombe haikataliwake." Nikasema asante. Nikapewa kamba. Mtamba alinipumulia mkononi, pumzi moto yenye harufu ya majani, na nikaruka nyuma, kwa sababu mimi ni mtoto wa msitu, Walikale hatuna ng'ombe, na mnyama mkubwa kiasi kile kwetu ama unamkimbia ama umeshamla. Ndugu zake Muzee Azaria walicheka sana. Yeye hakucheka. Alinionyesha namna ya kushika kamba, karibu na shingo, bila kuvuta.

Asistan aliposikia alifuta miwani muda mrefu mno. "Nilikufundisha kuangalia," alisema mwishoni. "Sikukufundishaka kudanganya." Nikajitetea kwamba ni yeye aliyesema fahari ya sinema yao ni kufanana na maisha. "Kufanana, njo. Ile mama alilipwa, Mapendo. Alivaa ile nguo, akacheza, jioni akarudi kwake. Hata ngombe zilikuwa za kukodisha, imeandikwa mu karatasi ya diski. Zililazwa chini na dawa kidogo, kisha zikaamuka, zikarudishwa kwa mwenyewe. Na huyu Muzee iko na ngombe ngapi zimebaki?" Nilijua ni chache, za kuhesabu kwa vidole. "Nitaenda pamoja na weye ukitaka," alisema. "Lakini utasema weye mwenyewe." Nikamwahidi: kesho. Mama Muhindo, ambaye hakuwahi kuacha mjadala upite bila yeye, alisema kwamba ukimwambia mtu mzima ametoa ng'ombe kwa kivuli, utamfanya achekwe sokoni mpaka kufa kwake, na je, hiyo ndiyo asante?

Kesho haikufika. Siwezi kujitetea, naweza kueleza tu. Mtamba alikaa nyuma ya stoo, chini ya paa la majani alilojengewa na Papa Muhindo kwa kunung'unika, na Mama Muhindo akampa jina la Malkia, kwa heshima ya nchi ya yule mama aliyepewa. Masomo yaliendelea. Dirishani sasa, mahali pa ukungu, palikuwa na kichwa chekundu kinachotafuna na kututazama tukitazama. Nilijifunza kumkatia majani, kumtoa kupe, kusimama karibu naye mvua inaponyesha. Kila baada ya siku kadhaa Muzee Azaria alipita kukagua kwato zake, na kila mara aliuliza, kwa adabu, kama kuna habari ya ile mama. "Njia ingali imefungwa, Papa," nilimjibu, na huo ukawa uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. "Ikifunguka utamuambia ngombe yake inakula muzuri," alisema. Siku moja nilipanda mpaka kwake nikiwa nimeyapanga maneno yote. Nikamkuta zizini, ameinama, anaongea na ndama kwa sauti ya chini. Wale watu wenye bunduki walikuwa wamekuja tena juma lile, hata mimi nilikuwa nimesikia. Hakunidai mtamba. Alinipa maziwa ya kuganda kwenye kikombe cha mti, nikanywa, nikashuka na maneno yangu.

Kulikuwa na sababu nyingine, na hii sikumwambia hata Asistan. Kazi yangu ya mwisho wa masomo ilikuwa imebadilika mikononi mwangu. Sura ya tatu sasa ilikuwa ni yeye: mfugaji wa Masisi mbele ya jikoni la Kiingereza, kofia zilizovuliwa, swali la maziwa, kamba mpya. Ilikuwa sura nzuri, na niliijua kuwa nzuri nilipokuwa naiandika, na usiku sikupata usingizi kwa furaha. Nikimwambia ukweli, atachukua mtamba wake, na sura yangu itakuwa hadithi ya msichana mwongo na mzee aliyelaghaiwa. Basi nilihitaji aendelee kuamini mpaka nimalize kuandika. Baadaye, mjini, jopo lilinipa alama za juu kwa sura ile, na mwalimu mmoja alinipa mkono akasema hajawahi kusoma kitu kama hicho. Mpaka leo sifa ile inaniwasha.

Vita vilishuka Muheto asubuhi ya soko, ukungu ukiwa bado mzito kiasi kwamba tulisikia bunduki bila kuona mlima zilikotokea. Papa Muhindo alifunga duka kwa kufuli kubwa, na sote tulimtazama akijaribu kufuli mara mbili. Mama Muhindo alibeba sufuria na mabinti zake. Asistan alijitwika katoni ya diski kichwani, tai shingoni. Mimi nilirudi mbio nyuma ya stoo kumfungua Malkia, na Papa Muhindo akanipigia kelele kwamba mnyama atatuchelewesha. Hakutuchelewesha. Alitembea katikati ya watu kana kwamba njia ile aliizoea, na watoto waliochoka walimshika mgongoni. Tuliteremka siku mbili. Nakumbuka kidogo sana cha safari ile. Nakumbuka kanisa tulimolala sakafuni, na bibi mmoja aliyekuwa amebeba mlango wa nyumba yake. Nakumbuka nikifikiri, kwa akili iliyolewa usingizi, kwamba mtu anatutazama kutoka mahali pakavu, na anashangaa mbona hatupigani. Kisha ukungu ukaisha ghafla, tukaliona ziwa chini yetu, na Kirotshe kando yake.

Muzee Azaria hakuwa pamoja nasi. Alikuwa amepanda juu kuwakusanya ng'ombe wake badala ya kushuka. Siku ya tano wakamleta, yeye na jirani yake mmoja wa mlimani, kwa machela ya miti. Mguu wake ulikuwa umepasuliwa na jiwe na umevimba. Ng'ombe hawakuwepo. Wote walichukuliwa, wakubwa na ndama, na watu walisema alikaa kando ya zizi tupu mpaka jirani alipomkuta. Nilisikia habari hiyo nikiwa nanunua dagaa wa sambaza ufukoni. Niliacha samaki pale pale. Nilimwendea Asistan akaniangalia usoni, akainuka kuvaa koti ili anisindikize. Nikamwambia hapana, nitaenda mwenyewe.

Alikuwa amelazwa barazani mwa hospitali, kwa kuwa vyumba vilijaa, juu ya mkeka kando ya yule jirani yake. Nilimleta mtamba mpaka kwenye ngazi, hakuna aliyenizuia, nikapiga magoti nikamwekea kamba mkononi. "Papa Azaria, ngombe yako hii," nikasema. Vidole vyake vilishika kamba, kisha vikaiachia. "Haiko yangu," alisema. "Iko ya ile mama. Hata kama mimi nimepotewa, siwezi kumunyanganya."

Hapo nikamwambia. Nilisema vibaya, bila mpango, maneno yote niliyoyapanga mlimani yalikuwa yamenikimbia. Nilimwambia hakuna mama. Kwamba ni mtu wa kuigiza, alilipwa, na jioni alirudi kwake. Kwamba nilidanganya siku ile ili watu wasitoke, na kwamba nilijua tangu asubuhi aliyoleta kamba, na muda wote nilijua, na nilimwacha anilishie uongo wangu kwa ng'ombe wa kweli. Nililia nikisema. Yeye alisikiliza bila kunikatiza, uso umetulia, macho kwenye mabati ya baraza. Nilisubiri anilaani, na nilitaka anilaani.

"Na ngombe?" akauliza.

"Ngombe gani, Papa?"

"Zake. Zile baliua. Tulisikia masasi."

"Habakuziua. Zililazwa tu na dawa. Kisha zikaamuka, zikarudi kwa mwenyewe."

Alijiinua kwa kiwiko, taabu tupu, ili anione vizuri. "Zikaamuka?"

"Njo, Papa."

"Zote?"

"Zote."

Alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, na hayakuwa maji ya hasira. Alinyoosha mkono akampiga jirani yake begani, yule aliyetoka naye mlimani, ambaye naye hakuwa amebakiwa na kitu. "Unasikia?" alimwambia. "Ngombe za ile mama hazikukufaka."

Jirani aligeuza kichwa polepole. Naye alikuwa stooni Jumapili ile. "Hata moja?"

"Hata moja," alisema Muzee Azaria. "Mungu asifiwe."